Azimio la Kwa Kinyozi

Kwa kinyozi mmoja wa Donholm, Phase 8, Nairobi, mipaka ya Gaza huchorwa upya kila Jumamosi. Mteja mmoja anaapa kwa Biblia na Washington, mwenzake kwa Umoja wa Mataifa. Mashine inangoja hewani, nusu ya kichwa ingali msitu.

Serikali nayo haikosi ndimi mbili. Mapema Oktoba 2023, Rais Ruto alisimama na Israel. Oktoba 27, Kenya ikapiga kura New York kutaka mapigano yasitishwe. Zamani pia: mwaka 1973 ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel. 1976 ndege za Israel za uvamizi wa Entebbe zikajazwa mafuta Nairobi. 1988 uhusiano ukarejea.

“Marekani itaamua,” anakata shauri mwenye nusu msitu.

Kisha wajumbe wanatoka, wakiruka mtaro wa majitaka ulioziba mlangoni, ambao bado haujafikishwa kwenye Baraza la Usalama.