Shangazi wa Mlimani: Kasri Halina Kiti, Mlima Una Wenyewe

Barua za mwezi huu ni za safari tupu. Tangu masika ikatike, kila mwenye nauli anataka kupanda Lushoto, na kila asiye na nauli anataka kujua kwa nini hajapelekwa Ulaya. Shangazi amezisoma zote, miwani puani, sweta mwilini. Majibu ni haya. Atakayekasirika anywe maji.

*

*Shikamoo Shangazi. Mchumba wangu aliniahidi kwamba siku yangu ya kuzaliwa atanipeleka Bavaria, kwenye kasri lile la minara myeupe, Neuschwanstein, na tutakuwa na kiongozi wetu peke yetu kutwa nzima. Siku ilipowadia nikajikuta Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, nimeshika tiketi ya basi la Lushoto. Kiongozi wetu peke yetu tulimpata kweli: kijana mmoja wa huko, ana buti na fimbo. Nimwache huyu mwanamume?*
— Malkia Asiye na Kasri, Kinondoni

Marahaba mwanangu. Ahadi ni deni, na huyo bwana anadaiwa. Lakini kabla hujamfungulia kesi, tupige hesabu ya ulichokikosa.

Kasri hilo lilianza kujengwa mwaka 1869 kwa amri ya Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria. Lilikuwa bado halijakamilika alipokutwa amekufa katika ziwa Starnberg, Juni 1886, akiwa na miaka 40. Wiki saba baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wenye kiingilio, na watalii wanaingia hadi leo. Ukienda sasa, unatoka Munich mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, unapewa tiketi yenye saa yake, na ukichelewa imekula kwako. Halafu hapa ndipo penye utamu: yule kiongozi wako wa binafsi, uliyemlipa kutwa nzima, anaishia mlangoni. Ndani wanaongoza watu wa kasri wenyewe. Wewe unaingizwa na kundi la watu usiowajua, nusu saa hivi, kupiga picha marufuku. Mnafikishwa ukumbi wa kiti cha enzi, mnainua shingo kutazama dhahabu na michoro, na kiti chenyewe hakimo. Hakikuwahi kutengenezwa.

Na huko Lushoto? Kijana wa buti amekufikisha Irente. Umesimama kwenye ukingo wa mwamba, chini ya miguu yako karibu mita elfu moja za hewa tupu, mikonge ya Mazinde imejipanga mistari, na tambarare inakwenda mpaka macho yachoke yenyewe. Hakuna aliyetazama saa. Mkirudi mnapita shamba la Irente, mnakula mkate wa rai na jibini la hapo hapo, na kiongozi wenu bado yuko nanyi, anaendelea kusimulia.

Kosa la huyo bwana ni moja tu: alinyamaza. Mwanamume akiniambia, "Mpenzi, Ulaya imenishinda, twende Usambara," mimi nampikia. Akinidanganya mpaka stendi, namtoza faini. Mtoze sweta, maana najua hakukwambia kwamba Lushoto kuna baridi. Kumwacha, usimwache. Ila safari ijayo tiketi ukate wewe.

*

*Shangazi, mimi naongoza watalii hapa Lushoto. Wajerumani wananiuliza Wilhelmstal iko wapi. Watu wa Dar wananiuliza, "Kwani hapa kuna nini?" Mwenzangu mmoja sasa anawaonyesha gofu la nyumba ya zamani na kusema lilikuwa kasri la Kaiser. Anapata tipu nono kuliko mimi ninayesema kweli. Nami nibuni kasri langu?*
— Mkweli Mwenye Njaa, Lushoto

Usibuni, mwanangu. Uongo wa mwenzako utadumu mpaka siku atakapokuja mgeni aliyesoma. Wilhelmstal ni hapo hapo ulipo; ndilo jina Wajerumani waliloupa mji wenu kumheshimu Kaiser Wilhelm wa Pili, ambaye mwenyewe hakuwahi kutia mguu hapo. Waingereza walipoingia mwaka 1916, Wilhelmstal ikawa historia, Lushoto ikabaki.

Mgeni akitaka habari za wafalme, una hazina ambayo hujaitumia. Mpeleke Vuga, uliokuwa mji wa watawala wa milima hii.

Mwanzie na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyezaliwa kigego, meno ya juu yametangulia, ndugu wakamnyima urithi. Akaja Usambara na mbwa wake, akiwinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, nyama akiigawa. Simulizi inasema aliua simba, na watu wa Vuga wakampa utawala. Ndiyo maana watawala wa ukoo wake, Wakilindi, waliitwa Simba Mwene. Haya hukuyasikia kwangu kwanza. Yameandikwa kwa Kiswahili fasaha na Abdallah bin Hemedi katika *Habari za Wakilindi*. Kitafute kitabu hicho kabla hujanunua buti nyingine.

Kisha ingia kwa Kimweri ye Nyumbai, aliyeitawala milima hii na kushuka hadi karibu na pwani. Mwaka 1848 alifikiwa na mgeni kutoka nchi jirani na Bavaria, mmisionari Johann Ludwig Krapf wa Württemberg. Krapf naye alihitaji mtu wa kumwonyesha njia, watu wa kumbebea mizigo na ruhusa ya mwenye nchi. Kwa hiyo mgeni wa Kijerumani akikwambia kwamba utalii wameuleta wao, mjibu kwa adabu kwamba wao walikuja kama wateja.

Atakuuliza, "Kasri liko wapi?" Hapo ndipo wengi wenu mnapobabaika na kuanza kuonyesha magofu. Mwambie wazi: mji wa Simba Mwene ulikuwa wa nyumba za miti na nyasi katikati ya migomba. Kimweri alifariki mwaka 1862, ukoo ukagombana, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1860 mwanawe Semboja akaivamia Vuga na kuiteketeza, kumtoa mjukuu wa Kimweri aliyekuwa ameketi kwenye utawala. Katika miaka hiyo hiyo Ludwig alikuwa anaanza kuwekewa mawe yake kule Bavaria. Mmoja aliacha nyumba bila watoto. Mwingine aliacha watoto kila kilima, nao ndio walioichoma nyumba. Mgeni akisikia hayo papo hapo Vuga, akiwa amesimama kwenye udongo wenyewe, hatakuuliza tena minara.

Masharti mawili. Kwanza, usimpeleke mtu kwenye makaburi ya ukoo bila kupita kwa wazee. Wao ndio wenye mlango. Pili, usichokijua sema hukijui, kisha kesho kaulize. Kuuliza si ujinga, hasa kwa mtu anayelipwa kujibu.

*

*Shangazi, tuko familia ya watu saba. Kiongozi anataka hela atupeleke msitu wa Magamba. Shemeji yangu anasema tufuate nyayo za ng'ombe tu, tutafika. Kuna haja gani ya kumlipa mtu atuonyeshe miti?*
— Mkono wa Birika, Tanga

Nyayo za ng'ombe, ndugu yangu, huishia zizini.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio kipo na risiti unapewa. Hela hiyo ni ya serikali; ya kiongozi ni nyingine. Ugomvi mwingi ninaoletewa hapa unatokana na kuzichanganya hizo mbili. Kwa hiyo kabla hamjaondoka mjini muulize kiongozi wako, shemeji akiwa shahidi: bei ni ya kichwa au ya kundi? Kiingilio kimo? Gari la kutupeleka na kuturudisha limo? Chakula cha mchana ni chake au chetu? Tunarudi saa ngapi? Akijibu yote bila kutazama pembeni, huyo ni mtu wa kazi. Patana naye pale pale, si msituni magoti yakiwa yameshalegea.

Sasa faida yako. Mtaingia msituni watu saba, macho kumi na manne, na hamtaona kitu ila majani. Yeye atasimama ghafla, atanyoosha kijiti kuelekea tawi ambalo nyote mmeshalipita, na tawi litafumbua jicho. Ni kinyonga, ana vipembe puani, ngozi yake imechukua rangi ya ukungu na jani. Jicho moja linamkagua shemeji. La pili linatazama nyuma, njia ya kukimbilia. Vinyonga wa namna hiyo wapo milima hii ambao hukuti kwingine kokote duniani, na wewe ulikuwa unampita mmoja kwa umbali wa mkono. Juu yenu mbega wanaruka na mikia yao mirefu, na mlidhani ni upepo.

Miguu ni yenu. Mnachokodi ni macho yake na mdomo wake. Ukimlipa mtu halafu kutwa nzima wewe ndiye unayemsimulia habari za siasa na Simba na Yanga, umemlipa akusikilize, na huyo bei yake ingekuwa juu zaidi.

Na shemeji avae viatu. Ndala zake nimeziona hata kabla hujaniandikia.

*

*Shangazi, naishi Munich. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Lushoto. Nikajinyima, nikakodi gari na kiongozi wetu peke yetu hadi Neuschwanstein. Mama hakushangaa hata kidogo. Alimwuliza kiongozi mambo matatu: mke wa mfalme alikuwa nani, watoto wangapi, na jiko liko wapi. Nilitamani ardhi ipasuke.*
— Binti wa Ughaibuni

Ardhi iache, ina kazi zake. Mama yako ameuliza kuliko kundi zima.

Mke: hakuwepo. Ludwig alimchumbia Sophie, binti wa ukoo wake, Januari 1867, na kabla mwaka haujaisha akavunja uchumba. Watoto: hakuna. Jiko: lipo mpaka leo, tena zuri, lina maji ya moto na mishikaki mikubwa iliyozungushwa na hewa ya moto bila mtu kuigusa. Jiko la kulisha kijiji, kwa mtu mmoja aliyependa kula peke yake. Mama aliyelea watoto kwa sufuria moja lazima aulize.

Kama mngekaa kidogo angeuliza la nne: nani alilipa? Ludwig alijenga kwa mikopo mpaka mawaziri wake wakamtangaza ana wazimu na kumwondoa madarakani, siku chache kabla ya kifo chake. Leo jumba hilo linaingiza fedha, na mwaka 2025 UNESCO imeliweka, pamoja na makasri yake mengine, katika urithi wa dunia. Wajukuu wa waliomwita kichaa ndio wanaokata tiketi. Mweleze mama, hilo litamchekesha.

Kisha mpeleke mahali pamoja pasipo kiingilio: duka la maua. Mwonyeshe kile kimea cha kwenye kopo, majani ya manyoya laini, maua ya zambarau, ambacho bibi wengi wa Kijerumani hukiweka dirishani na kukiita kwa jina la Usambara. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliita ua hilo Saintpaulia, jina la huyo huyo mpelekaji. Kwao hasa ni kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, kama ile ya upande wa Amani. Mwache mama amweleze mwenye duka kwamba anatoka kwenye milima hiyo. Wewe kazi yako ni kutafsiri, na usimkatize. Hapo mama ndiye kiongozi, na Munich nzima ni watalii.

*

Ya haraka haraka

*Noah yangu itapanda?* — Dereva, Korogwe
Itapanda. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, korongo upande mmoja, mwamba upande mwingine. Piga honi kwenye kona. Mvua ikiwa kubwa uliza kwanza pale Mombo kama udongo haujashuka. Soni simama, tazama maporomoko ya maji, breki nazo zipumue.

*Asubuhi Irente, jioni Amani, inawezekana?* — Mwenye Haraka, Dodoma
Kwenye ramani ya simu, ndiyo. Kati ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki kuna bonde la Lwengera; unashuka hadi barabara kuu, unazunguka kwa Muheza, unapanda tena. Chagua mlima mmoja uujue.

*Nataka kitu cha Bavaria bila pasipoti.* — Mjanja, Moshi
Nenda Sakharani, karibu na Soni, kwa watawa Wabenediktini. Mama wa shirika lao ni abasia ya St. Ottilien, Bavaria kweli kweli. Shamba lenyewe limerithi jina la utani la Tom von Prince, mwanajeshi wa Kijerumani aliyepigana na Wahehe wa Mkwawa, akaja kulima hapo, akauawa vitani Tanga Novemba 1914. Uliza mvinyo wao.

*Naruhusiwa kupiga picha watoto wa njiani?* — Kamera Mpya, Arusha
Mwulize mama yao. Akikataa, mpige picha shemeji yule wa ndala.

*Kiongozi alitusimulia mpaka tukasahau magoti. Tipu iwe kiasi gani?* — Mwenye Shukrani, Morogoro
Mpe kabla hujaanza kuhesabu, maana ukihesabu utapunguza. Kisha chukua jina lake na uwape wenzako, ili wakija wamtafute yeye, wasiishie kwa yule wa kasri la Kaiser.