Gesi Inavuja Chumba cha Nne

Jumamosi jioni fundi wa gesi alitoka chumbani kwangu ameshika tunda la duriani kwa kikonyo, mkono kaunyoosha mbele lisimguse, akatangaza mbele ya wapangaji wote, watoto wa mtaa wa pili na bodaboda walioegesha kutazama: "Jamani, gesi yenyewe ndiyo hii." Mimi nilikuwa katikati ya umati na taulo kiunoni, povu la sabuni limenijaa masikioni. Leo mwenye genge kanipokea kwa heshima zote: "Karibu, Bwana Mtungi."

Nilikuwa bafuni niliposikia mayowe. "Gesi! Gesi inavuja chumba cha nne! Msiwashe taa!" Chumba cha nne ni changu, na mtungi wa kilo sita uliomo ni wangu, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kufika barabarani. Jirani akamwagia ndoo nzima ya maji jiko lake la mkaa, na maharage yalikuwa yamebakiza nazi tu. Mwingine akakimbilia swichi kubwa ya umeme akaishusha, jambo ambalo wanaojua gesi wanalikataza, maana swichi yenyewe hutoa cheche. Bibi wa chumba cha mbele alibebwa juu ya kiti chake, akilaani majiko ya kisasa.

Fundi, kijana wa duka la gesi, alifanya kazi yake kwa utulivu. Akakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe changu cha chai, akapaka povu kwenye vali, kwenye regulata, kwenye mpira wote mpaka jikoni, akachuchumaa kusubiri mapovu yavimbe. Hayakuvimba. Akanyanyua uso, akanusa, akageuka polepole. Pua ikamwongoza mpaka uvunguni mwa kitanda.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu tangu siku hiyo nalala nikiiwaza hii gesi. Gesi tunayopikia ni propani na butani, na zote mbili hazina harufu kabisa. Ingeweza kujaa chumba usiku kucha wewe umelala, usijue. Ndiyo maana huongezwa kitu kiitwacho ethanethioli, kampaundi yenye salfa, kali kiasi kwamba pua ya binadamu hukigundua hata kikiwa chini ya sehemu moja katika sehemu bilioni za hewa. Uvundo umeajiriwa kuwa mlinzi. Duriani nalo hutengeneza ethanethioli hiyo hiyo, bila kiwanda, likiwa limetulia zake. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2020 kwamba ndani yake mna asidi amino adimu, ethionini, na kadiri tunda linavyoiva ndivyo ethionini inavyogeuka kuwa harufu ile. Wanasayansi wa Singapore nao walichapisha mwaka 2017 jeni zake: zinapita 45,000, zaidi ya mara mbili ya zile za mwenye nyumba wangu, na za kutengeneza harufu ya salfa zimejirudia nakala kwa nakala.

Kwa hiyo majirani walinusa sawasawa. Mimi sikunusa kwa kuwa nilishinda nalo ndani tangu adhuhuri, na pua ikikaa na harufu moja huacha kuitolea taarifa.

Wala hatukuwa wa kwanza. Aprili 2018 huko Melbourne, Australia, mamia ya watu walitolewa kwenye maktaba ya chuo kikuu kwa hofu ya gesi. Wazimamoto wakaingia na barakoa zao, wakapekua, wakakuta duriani lililooza kabatini. Nilitaka kuwasimulia wenzangu pale barabarani, lakini mtu mwenye taulo hasikilizwi.

Duriani lenyewe nilinunua Darajani, Unguja. Wakati wa kurudi, boti nzima ilinitazama vibaya. Kulifungua si mchezo: miiba yake ni ya kweli, inatoboa kiganja, kwa hiyo unalilaza juu ya gunia na kulishika kwa kitambaa kinene. Usilikate kama nanasi. Ligeuze kichwa chini utazame kitako chake. Ukitulia utaona mistari myembamba inayokutana hapo, miiba ikiwa imepishana kuiachia njia. Hiyo ndiyo mishono. Chomeka ncha ya kisu kwenye mshono, zungusha, na ganda linaachia kwa mlio mkavu. Ndani kwa kawaida mna vyumba vitano, na kila chumba kina kokwa zilizofunikwa nyama laini ya manjano. Nilifungua chumba kimoja tu, nikala nimesimama, bila sahani. Ni tamu, zito, lina mafuta, halafu kwa nyuma kabisa inakuja ladha ya kitunguu, unashangaa, unachota tena. Mwingereza Alfred Russel Wallace aliandika mwaka 1869 kwamba kulionja tu kunatosha kumfanya mtu asafiri hadi Mashariki. Alieleza pia kwamba lilipoletwa ndani ya nyumba lilimshinda, akalipenda alipolila nje, huko Borneo. Maneno hayo nimeyasoma Jumapili.

Kokwa nimezichemsha kwa chumvi, zinalika. Maharage nimelipa.

Lakini kuna jambo linanikereketa, na hapa sicheki tena. Mama mwenye nyumba alipigiwa simu saa kumi na mbili na nusu jioni. Kabla ya isha alikuwa ameshafika kutoka Mbagala, na foleni yote ile. Mbele ya geti letu chemba inafurika tangu masika. Maji yake meusi tunayavuka kwa matofali, watoto wanacheza kandokando, na tumempigia simu mpaka akaacha kupokea. Kodi ya miezi sita anaipokea kwa mkupuo, na siku hiyo huwa hana foleni. Sisi pua zetu zimezoea, hilo naelewa. Yeye haishi hapa. Jumamosi aliinua dera, akaivuka chemba tofali kwa tofali, akaingia ndani na kuniambia, "Baba, hapa kwangu sitaki uchafu."

Jana kaniletea karatasi ya kusaini kwamba sitaingiza tena tunda lolote lenye harufu. Nimesaini. Chini ya sahihi yangu nikaongeza mstari mmoja kuhusu chemba, na nafasi ya yeye kusaini. Kairudisha asubuhi hii kupitia kwa mtoto: anasema imechafuliwa, ataleta nyingine.