Yah: Ombi la kustaafishwa kulima

Kijiji cha Idete,
Wilaya ya Kilombero,
Morogoro.
Siku ya tatu baada ya mvua ya kwanza.

Kumb. Na.: Haipo. Sijawahi kufunguliwa jalada.

Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais,
Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUSTAAFISHWA KULIMA KWA MUJIBU WA UMRI, AU, IKISHINDIKANA, KUPEWA MKATABA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na mada tajwa hapo juu.

Kwenye salamu nimekwama kidogo. Kwa cheo, mimi ndiye wa kukuamkia. Kwa umri, huenda wewe ndiye wa kunipa shikamoo. Naomba suala hilo tuliweke kiporo.

Mimi ni mkulima wa mpunga. Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa tarehe 1 Julai 1957. Siku na mwezi ni vya karani aliyeniandikisha, ambaye alikuwa na haraka na foleni ilikuwa ndefu. Ndiyo maana wazee wengi wa huku tumezaliwa siku moja kama mapacha wa mama mbalimbali. Mwaka ni wangu. Kwa mwaka huo nimeshaipita miaka 55, ambayo mtumishi akifika anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, na nimeipita 60, ambayo anastaafu kwa lazima. Nikangoja barua. Nikadhani labda imepotea njiani, maana hata halmashauri yetu ya Kilombero ilibadili jina ikawa ya Mlimba, na barua ya mtu inaweza kuzunguka. Misimu ikapita, nami bado nipo shambani bila kibali cha mtu yeyote. Naona sasa nijisalimishe.

Historia ya utumishi wangu ni hii. Nilishika jembe mwaka 1972, mwaka ambao TANU ilikutana Iringa ikaamua kwamba siasa ni kilimo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Barua ya ajira sikupewa, ila maagizo ya kazi sijawahi kuyakosa. Mwaka 1974 niliambiwa kilimo ni cha kufa na kupona, nikachagua kupona. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza. Mwaka 2022 ikaja Ajenda 10/30, inayotaka kilimo kikue kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Mimi mwaka huo nitakuwa na miaka 73, nitajitahidi kukua. Katikati ya hayo yote nimeitwa uti wa mgongo wa taifa na kila aliyepanda jukwaa katika bonde hili. Uti wa mgongo ninaouzungumzia katika barua hii ni ule mwingine, unaoanzia shingoni.

Kilichonipa ujasiri wa kuandika ni jirani yangu wa shambani, mwalimu mstaafu. Yeye alistaafu siku alipotimiza 60, kwa barua, kwa wali na soda, na wenzake wakamchangia godoro. Mafao yalipotoka akanunua ekari kadhaa na pawatila, akaja kulima mpakani mwangu. Nilimuuliza, "Mwalimu, huku umekuja kufanya nini?" Akanijibu, "Mzee mwenzangu, nimekuja kupumzika."

Mheshimiwa, hapo ndipo ninapoomba mwongozo. Anachokifanya akiwa amepumzika ndicho ninachokifanya mimi nikiwa kazini. Tunasia wiki moja. Tunapalilia majani yaleyale. Ndege wakitoka kwangu wanakwenda kwake, kisha wanarudi. Tofauti niliyoiona ni kwamba mvua ikigoma, simu yake mwisho wa mwezi inalia ule mlio wa pesa kuingia, na yangu inalia ya mtu anayeomba pesa.

Nikampa pendekezo ambalo nalileta kwako rasmi. Kwa kuwa mtumishi akistaafu huja shambani, haki ingekuwa mkulima akistaafu aende ofisini. Nafasi hiyo naimudu. Nina uzoefu wa miaka mingi wa kukaa dunguni kutwa nzima, nikitazama mbele na kupiga kelele mara mojamoja ili ionekane kuna mtu. Mwalimu amenihakikishia kwamba ofisini hakuna tofauti kubwa.

Huyohuyo ndiye aliyenifundisha kikokotoo. Tulikuwa tunasikia kwenye redio watumishi wakilalamika, sisi tukadhani ni mdudu mpya wa mpunga. Mwaka 2018 zilikuja kanuni za kumpa mstaafu asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, kelele zikapigwa, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024 wale waliokuwa wakipata nusu zamani wakapandishiwa hadi 40. Mwalimu akachora hesabu yenyewe kwa kijiti ardhini: chukua wastani wa mshahara wa mwaka, zidisha kwa miezi ya utumishi, gawa kwa 580. Kwenye miezi nilimshinda mbali. Tukaja kukwama kwenye mshahara. Akaandika sifuri, akazidisha, akagawa, akanitazama kwa huruma. Mimi nilifurahi, maana niligundua kwamba wakati wenzangu wanahangaika kutoka 25 kwenda 33 kwenda 40, mafao yangu hayajawahi kuyumba hata mara moja.

Usidhani kwamba huku Idete hatujulikani. Tunajulikana sana, hasa mbu wetu. Mswisi mmoja, Rudolf Geigy, alianzisha maabara Ifakara mwaka 1957, mwaka niliozaliwa mimi, na maabara hiyo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo vijana wake wamewasoma mbu wa kijiji hiki kuliko mtu yeyote alivyowahi kutusoma sisi wenyeji. Wanamkamata mbu jike, wanampasua tumbo, wanatazama vifuko vya mayai, wanajua kama amekwisha kuzaa au bado ni mwari. Wanajua kwamba mbu kijana hana madhara makubwa, kwa sababu kimelea cha malaria kinahitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani yake. Mbu wa kuogopwa ni mzee. Kwa mbu, Mheshimiwa, uzee ni cheo. Umri wake unapimwa, unaandikwa, unasomwa katika mikutano ya nchi za nje. Umri wangu aliukisia karani.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme jambo moja linalonisumbua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wa Idete walichanjwa chanjo ya majaribio ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, ilionekana inakinga kwa asilimia 31. Majaribio ya kwingine hayakuiunga mkono, wataalamu wakaona haitoshi, ikawekwa kando. Asilimia 31 waliiona haitoshi kumkinga mtoto na mbu. Asilimia 33, ninyi mliiona inatosha kumkinga mwalimu na uzee. Mimi si mtaalamu, nauliza tu.

Tuna pia Gereza la Idete. Wafungwa wake wanalima mpunga, na mpunga wao, nisiseme uongo, unapendeza. Nikipita barabarani asubuhi nawatazama wakiwa wameinama kwenye mstari, nami niko njiani kwenda kuinama kwangu. Yule anayelima ndani ya uzio ana tarehe ya kutoka. Imeandikwa kwenye jalada, na akiwa na tabia njema inasogezwa karibu. Mimi tabia yangu ni njema tangu 1972. Naomba kujua inasogeza nini.

Nafahamu kuna watu ambao sheria inawapa nafasi ya kuendelea, ndiyo maana nimeweka ombi la pili. Daktari bingwa na profesa wanafika 65. Jaji wa Mahakama Kuu, kwa Katiba, ni 60. Wa Mahakama ya Rufani ni 65. Na Rais anaweza kuwaongezea muda, kama alivyofanya mwaka 2023 Jaji Mkuu Ibrahim Juma alipotimiza 65, akaendelea hadi 2025. Wanasheria walibishana sana. Mbunge Katiba inamtaka awe na miaka 21, Rais 40. Umri wa kuishia haikuutaja, nadhani kwa adabu tu, kwa sababu hatuwaulizi wakubwa wanaondoka lini. Wenzetu Uganda walikuwa wameuandika, 75, mwaka 2017 wakaufuta. Nimeelewa kwamba kazi ikiwa nyeti, mtu haachiwi aende hivihivi.

Basi kazi yangu ni nyeti. Ninaweza kusikia usiku tofauti ya kiboko anayepita na kiboko anayekuja kula. Najua maji ya Kilombero yakiwa na rangi gani huwa yanatania, na yakiwa na rangi gani mtu ahamishe kuku. Kwelea kwelea wakitua, nawajua kwa kivuli kabla ya sauti. Serikali ina ndege ya kuwanyunyizia sumu, lakini ndege hiyo huja baada ya kuandikiwa barua, na kwelea hawasubiri barua. Kijana wangu mmoja nilimfundisha haya msimu mzima. Sasa anaendesha bodaboda Ifakara. Mwaka 2023 mlizindua mpango wa BBT kuwaingiza vijana kwenye kilimo, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Mkimpata huyo wangu mkamrudisha, nitakabidhi ofisi siku hiyohiyo, pamoja na dungu, kombeo na madebe mawili ya kugonga.

Najua utaniambia kuna mpango wa hiari wa kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwamba hata mkulima anakaribishwa. Mwalimu alinisomea. Ni mpango mzuri, nimewaambia wanangu. Mimi ulinikuta kichwa kimeshajaa mvi. Nikianza kuchangia leo ili nistaafu baadaye, hiyo baadaye nitakubaliana na nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inanitambua kwamba ni mzee tangu nilipofika 60. Nikienda hospitali nakuta tangazo ukutani, mzee apishwe kwanza, na kweli napishwa. Naishukuru serikali kwa hilo, wala sifanyi mzaha. Kisha nikitoka pale narudi shambani, ambako hakuna anayenipisha.

Ukivuka maji tu, ndani ya Jamhuri hiihii, mambo ni mengine. Zanzibar tangu Aprili 2016 inawalipa wazee waliofika miaka 70 pensheni jamii, awe alikuwa karani, mvuvi au mwuza ndizi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa. Kenya mwaka 2018 ikawafungulia mlango wazee wa 70, shilingi zao 2,000 kwa mwezi. Si fedha za kujengea ghorofa. Lakini hakuna aliyeambiwa kwanza ataje mwajiri wake. Mimi na mzee wa Makunduchi tuna bendera moja na wimbo mmoja wa taifa, na naamini hata mgongo unauma vilevile. Kinachotutenganisha ni boti ya saa mbili.

Mama watoto alinikuta nikiandika haya akauliza ni nini. Nilipomsomea alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Wewe unataka kustaafu jembe. Haya. Na mimi jembe, kuni, maji, na hawa wajukuu wanne tulioletewa, nitamwandikia waziri gani?" Nimemwahidi nitaliweka kwenye barua hii kama nyongeza. Naomba lijibiwe kabla ya langu, maana kwake mimi ndiye serikali na sina jibu.

Usinielewe vibaya, Mheshimiwa. Sina ugomvi na jembe. Wanangu wa Dar es Salaam wananiita Mbagala nikapumzike, nikikaa huko siku chache nauliza kama mvua imenyesha Idete. Inawezekana ukinistaafisha asubuhi, jioni nikawa shambani. Ila kila mwaka, msimu kama huu, namwona mwalimu amekaa barazani na kikombe cha chai, anawaza: mwaka huu nilime, nisilime? Nikodishe ekari, au nilime nusu? Anawaza siku nzima, chai inapoa. Wivu nilionao kwa mwalimu si wa zile fedha, ni wa kule kuwaza. Kwangu suala hilo halijawahi kuletwa mezani. Chakula cha mwakani ndicho kinachoamua, nami napokea maagizo.

Kwa hiyo ombi langu, ukiliminya sana, ni kwamba na mimi nipewe nafasi ya kusitasita.

Kuhusu muda wa kujibu, trekta la kukodi linafika kitongojini kwetu wiki mbili zijazo, na mwenye trekta anataka nusu ya fedha kwanza. Barua ikija kabla ya hapo, fedha hiyo nitaitumia kwa mambo mengine na shamba nitampa mtu alikodi. Ikija baada ya kusia, itabidi tuzungumzie msimu mwingine, kwa sababu mpunga ukishaota mtu hauachi. Jibu litumwe kwa simu ya mwalimu. Yangu haishiki chaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa Idete
(sahihi ya dole gumba, ingawa kuandika najua, wino wa kalamu umeishia hapa)

Nakala:
Mwenyekiti wa Kijiji: aone kwenye faili, akilipata faili.
Mwalimu Mstaafu: kwa taarifa, akiwa mapumzikoni.
Kwelea kwelea: kwa utekelezaji.