Muulize Shangazi: Abdulla Ni Nani?

Tangu mabinti wa mjini wagundue kwamba zawadi ya harusi yaweza kuwa albamu ya kushona kwa mkono, yenye bahasha za siri, ramani na vidokezo vya kupeleleza ukoo mzima, barua zinazonifikia zinanuka gundi. Zamani mlinilalamikia mawifi. Naona mawifi wamepata likizo.

*Shikamoo Shangazi. Namtengenezea bibi albamu ya mafumbo. Mume wangu ameikagua picha ya bibi ya studio kwa lenzi, akakuta pindo la kanga limeandikwa "Mali ya Abdulla". Babu yetu aliitwa Salehe! Mume wangu sasa ameshamaliza kurasa nane za huyo Abdulla, na anataka bibi aulizwe mbele ya watu siku ya sherehe. Nifanyeje?*
*Mjukuu wa Salehe, Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Kwanza mnyang'anye lenzi.

Abdulla huyo hata mimi ninaye kabatini. Ni alama ya wauza kanga wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambao huchapa pindoni K.H.E. na hayo maneno ya Mali ya Abdulla. Kama huo ndio ushahidi wa mapenzi, basi bwana huyo alikuwa na wake kuanzia Lamu mpaka Mtwara, na wote aliwavika yeye.

Ila simlaumu sana mumeo, maana alianza vizuri: alitazama pembeni, na pembeni ndiko picha za zamani zinakosema. Geuza hiyo ya bibi. Nyuma huenda kuna muhuri wa studio, au mwandiko wa mtu aliyepelekewa. Kingo zake zimekatwa meno meno? Huo ni mtindo uliovuma miaka ya 1950. Pazia la nyuma limechorwa ngazi, maua au bahari? Ukiikuta bahari hiyohiyo kwenye picha ya jirani, mmeshajua studio ni moja. Kisha rudi kwenye kanga, uache pindo usome jina lenyewe, yale maneno ya katikati. Msichana hakwenda kupiga picha na kanga aliyoiokota kambani. Aliichagua, na maneno yale alikuwa akimwambia mtu. Nani? Hilo ndilo fumbo la ukurasa wa kwanza, na mwenye jibu yuko hai, anatafuna tambuu hapo barazani kwenu. Kamuulize peke yako, jioni, ukiwa umemletea kitu.

Mumeo kama hatulii bila Abdulla, mpe Muhammed Said Abdulla wa Unguja. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilitoka 1960, na Bwana Msa, mpelelezi wake, huvuta kiko na kusikiliza wakati rafiki yake Najum anakisia. Mwambie achague anataka kuwa yupi. Kurasa nane zile usizitupe, zitafaa kufungia maandazi.

*Shangazi, ami yangu anasema yule mwenye kofia kwenye picha yetu ni Osale Otango, alilala kwetu usiku mmoja. Anataka awekwe kwenye jalada. Baba anakataa. Hawasemezani.*
*Katikati ya Ndugu Wawili, Chumbageni*

Kama kila nyumba inayodai kumlaza Osale ingekuwa inasema kweli, asingehitaji mapango ya Amboni. Yeye na mwenzake Paulo Hamisi waliwahangaisha polisi wa Mwingereza miaka ya 1950, na mpaka leo waongozaji wa pale hukuonyesha walikojificha. Sasa mtazame huyo wenu. Amekaa kwenye kiti cha studio, miguu kaipishanisha, mkono juu ya meza yenye maua ya plastiki. Mtu anayesakwa haendi kutulia mbele ya taa akasubiri aambiwe acheke.

Lakini hadithi ya ami nayo ni mali ya ukoo. Iweke ndani, siyo kwenye jalada, na chini yake andika: "Ami anasema." Weka na tarehe aliyosema, maana mwakani atakuwa alilala siku tatu. Baba naye apewe karatasi ya kupinga, kwenye bahasha ya ukurasa uleule. Ukienda Amboni kupiga picha za kupambia kurasa hizo, piga unavyotaka, ila sadaka za watu zilizoachwa kwenye mizimu usizibebe eti za kunogesha. Sitaki barua yako ya pili.

*Katika picha ya harusi ya wazazi wangu ya 1974 kuna mtu amekatwa kwa mkasi. Umebaki mkono tu, begani kwa mama. Naomba ushauri nizibe na ua gani.*
*Kifungua Mimba, Pangani*

Ua? Umepata fumbo la bure, unataka kulifunika na ua!

Nenda Tongoni, si mbali, utazame nguzo za makaburi ya kale. Zina vishimo vya duara vilivyopachikwa vibakuli kutoka nchi za mbali. Vibakuli vimeng'olewa, lakini kishimo ndicho kinachokwambia palikuwa na nini na ukubwa gani. Na wewe tundu lako liache wazi, nyuma yake weka karatasi nyeusi ya manila.

Halafu uchunguze mkono. Una saa? Kikuku? Hina? Shati lina vifungo vya mkononi? Tazama na mkato wenyewe: mwenye hasira huchana, huyu wako amezunguka bega taratibu bila kugusa ushungi wa mama. Kwenye ukoo wenu fundi cherehani ni nani? Anza na huyo, na mama mwache kwanza.

*Nilichoma kingo za kurasa kwa kiberiti zionekane za kale. Na babu ameungua. Ilikuwa nakala pekee.*
*Mwenye Majuto, Muheza*

Pole. Karatasi huzeeshwa kwa machicha ya kahawa au chai ya rangi iliyokolea, ikaanikwa kivulini. Picha halisi haikaribii maji wala moto. Peleka steshenari, itolewe kopi, uchezee kopi. Halisi ikae kwenye bahasha kavu, nyuma jina kwa penseli laini, siyo kalamu ya wino. Mgongo wa albamu ushone kwa uzi wa katani. Uko Muheza, utakosaje?

*Shangazi, nilibandika kwa gundi ya unga wa ngano. Nimefungua leo, mende wamemla bwana harusi.*
*Korogwe*

Gundi ya unga ni chakula, na wewe uliwaandalia mezani. Tumia kona za karatasi, picha iingizwe bila kupakwa kitu. Lakini bibi harusi amebaki mzima? Walikuwa wamesimama pamoja, wamepakwa gundi ya sufuria moja? Usifute kitu. Nitumie ukurasa kama ulivyo, nataka kuona wameanzia wapi.