Tumbo Likiamua Mapenzi: Tano Bora ya Hedaru

Onyo: jaji ni mimi, na upendeleo upo. Kinachoshindaniwa ni hiki: nani kachanganya zaidi chakula na mapenzi kichwani? Chini ya ubongo kuna kieneo kidogo, haipothalamasi, kinachosimamia njaa na uzazi kwa pamoja. Sisi Wapare wa Hedaru, Tanzania, tunakielewa upesi: hakiruhusu harusi kabla ya kuhesabu magunia ghalani.

5. Panya mnene wa Marekani
Mgeni mwalikwa. Kasoro yake ya kurithi iligunduliwa mwaka 1949 katika maabara ya Jackson: anakula bila breki, ananenepa, hazai. Mwaka 1994 kundi la mtafiti Jeffrey Friedman likaipata jeni yenyewe. Mafuta ya mwili hutoa homoni, leptini, kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Huyu hana leptini. Wenzake majike walipochomwa homoni hiyo, wakashika mimba.
Hukumu: kitambi chote kile, kichwani bado yuko kwenye foleni ya chakula cha msaada.

4. Kispeptini
Si mnyama, ni protini. Nani atanizuia? Ndiyo inayoamsha homoni za balehe, na leptini ikipungua nayo hunyamaza. Jeni yake ilipatikana Hershey, Pennsylvania, ikapewa jina la chokoleti za mji huo, Kisses.
Hukumu: balehe imebatizwa dukani.

3. Kuku anayeatamia
Homoni ya prolaktini ikipanda, kuku wa kienyeji analala juu ya mayai siku 21 na kukonda. Msogezee mtama kiotani, bado atadonoa kidogo tu. Kuku mzazi wa broila ni kinyume chake: mwachie chakula, anenepe, utagaji uvurugike.
Hukumu: mmoja anajinyima, mwingine ananyimwa kwa mizani. Unayeona nafasi ya tatu ni dharau, nenda mahakamani. Mpare huuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku.

2. Tembo dume wa Mkomazi
Jirani yetu wa hifadhini, ng'ambo ya milima. Mwaka 1981 watafiti Joyce Poole na Cynthia Moss walieleza, kutoka Amboseli, Kenya, kipindi cha tembo dume kiitwacho masti: testosteroni inapanda, majimaji yanatiririka mashavuni, mkojo unadondoka njia nzima. Anazunguka kutafuta jike, anapunguza kula, hadi mwili uchoke.
Hukumu: tani kadhaa za mnyama, na chakula cha mchana kimesahaulika.

1. Mbuzi wa Hedaru
Huku tambarare mvua ni za kubahatisha. Kiangazi kikikaza, jike anabaki mifupa, leptini inashuka, joto halimjii. Hajamchukia beberu, bajeti imekataa. Vuli ikinyesha na majani yakirudi, mambo yanafunguka. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo hushauri jike aongezewe pumba au majani ya lusina wiki mbili tatu kabla ya kupandishwa: hata mapacha huongezeka.

Na beberu? Anajikojolea ndevu. Usicheke. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitambua, katika nywele za kichwa cha beberu, kemikali inayoamsha sehemu ya ubongo wa jike inayosukuma homoni za uzazi. Kazini huko, yeye mwenyewe anasahau hata kula.
Hukumu: dhahabu. Una mgombea mwingine? Mlete. Ila wa kumshusha huyu jukwaani ajitokeze mwenyewe, mimi simshiki.