Gego Lilipoacha Kuuma

Fundi mmoja wa viatu wa Mashimoni, Kibera, alikuwa na shimo lake binafsi. Lilikuwa kwenye gego la chini, kushoto, na alilizoea kama watu wanavyozoea mtaro ulio mbele ya mlango: unaruka tu, huutazami. Githeri ilitafunwa kulia. Ulimi ulijua kazi yake. Kwa miaka miwili shimo halikumsumbua, naye akalihesabu kuwa mpangaji mwema asiyepiga kelele.

Kisha soda baridi ikaanza kumchoma upande ule. Ilimchoma mara moja tu, na kabla hajaiweka chupa chini, uchungu umekwisha. Daktari wa meno angefurahi kumwona wiki ile, kwa maana uchungu unaokuja na baridi na kuondoka nayo mara nyingi ni wa jino ambalo bado linaweza kuzibwa na kurudi kazini. Fundi aliona suluhisho la bei nafuu zaidi. Aliacha soda.

Miezi ikapita, chai ya moto nayo ikajiunga. Sasa uchungu ulikaa robo saa baada ya kikombe kuwa kitupu, halafu ukaanza kuja bila kuitwa, na saa uliyoipenda ni saa nane za usiku. Kiini cha jino, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kilikuwa kimevimba ndani ya chumba kigumu kisichopanuka. Mtu akilala, damu huongezeka kichwani na chumba huzidi kubana. Ndiyo maana fundi alionekana usiku ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, shavu kiganjani, kama mlinzi asiye na mshahara.

Mashimoni hakuna anayeumwa peke yake. Mabati hayafichi mtu. Kufikia asubuhi madaktari walikuwa watano. Mama wa mboga alileta karafuu, na tusimcheke, kwa sababu mafuta yake yana yujenoli inayotia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Jirani wa nyuma alisisitiza maji ya chumvi. Kijana wa boda alipendekeza pamba yenye petroli, akaombwa arudi kwenye pikipiki yake. Fundi mwenyewe, akitaka dawa ifike upesi, alibandika kidonge cha aspirini kwenye ufizi. Aspirini ni asidi. Ufizi ukababuka, ukawa mweupe, na sasa akawa na vidonda viwili.

Mteja wake mmoja, mzee Mjaluo aliyeleta kandambili zishonwe, alimtazama akacheka kwa mdomo wote. Chini mbele hakuwa na meno sita. Yaling'olewa ujanani kwa mila ya nak, bila sindano, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba mtu akipatwa na pepopunda na taya likijifunga, uji utapata pa kupitia.

"Sita, kijana wangu," alisema mzee. "Na wewe unalilia moja!"

Lakini hapa pana jambo la aibu. Dawa zote hizo zilikwenda kwenye gego la juu. Fundi aliapa kwamba ndilo linalouma. Lile la chini lenye shimo alilifahamu, halikuwa na makosa. Meno ya juu na ya chini ya upande mmoja hutuma habari zake kupitia neva kuu moja, na ubongo huweza kukosea anwani. Mkazi wa Nairobi ataelewa haraka: mwambie mtu "tukutane Mashimoni," naye anaweza kukungoja Kibera, Kawangware, au hata Mathare.

Jumatano moja uchungu ulikoma. Ukapotea kabisa. Fundi alikunywa soda baridi hadharani, watu wakiangalia. Mama wa mboga alidai ni karafuu, jirani akashikilia chumvi, wakanuniana siku mbili. Hakuna aliyejua kwamba kiini kilikuwa kimekufa. Jino lililokufa halisikii baridi, ila bakteria hawahudhurii matanga. Waliendelea kushuka kwenye mzizi.

Wiki tatu baadaye fundi aliamka na shavu la mtu mwingine. Bahati yake ni kwamba alimeza na kupumua vizuri. Uvimbe ukiteremka chini ya taya na kuziba koo, hiyo si habari ya kungoja asubuhi, ni hospitali usiku huohuo. Binamu yake alimwita kwake Kawangware, ambako alijua kliniki.

Daktari alibonyeza pamba baridi kwenye gego la chini: kimya. Akaligonga kwa mpini wa kioo: fundi nusura aruke dirishani. Gego la juu lilikuwa zima kama jiwe.

"Si uzibe tu, daktari?"

Jino lililokufa, hata lenye usaha, linaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, mradi kuna ukuta wa kutosha wa kujengea. Picha ya eksirei ilionyesha ukuta umevunjika chini ya ufizi, karibu na mfupa. Hapakuwa na pa kushikiza kitu.

Sindano ilikuwa ya lidokeini, dawa aliyoitengeneza Mswidi Nils Löfgren mwaka 1943. Ilichelewa, maana usaha una asidi na huidhoofisha, ikabidi achomwe ya pili nyuma zaidi. Halafu fundi akaona jambo lililomfurahisha: daktari havuti. Analitikisa jino kwenda na kurudi, polepole, mpaka tundu linapanuka, kama anavyotoa yeye msumari uliokwama kwenye soli. Likatoka na mlio wa ukuni mbichi.

Aliambiwa aume pamba nusu saa, asiteme mate, asisukutue mpaka kesho. Nje akapanda boda.

"Wapi, mzee?"

"Mmashimmoni," alisema kupitia pamba.

Boda ikanguruma, ikakata kona moja, ikasimama.

"Tumefika."