Misuli Bila Mtaalamu ni Nyama Tu

Waheshimiwa wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, ingawa si na mimi, kwa kuwa ukumbini humu sioni aliye juu yangu. Mada ya leo inahusu kundi la watu waliokaa bila mtetezi hadi nilipojitokeza. Ni mtu ambaye uzito wake hauna kasoro na daktari hamdai kilo hata moja, lakini akivua shati kitambi kinatangulia, na akibeba dumu la lita 20 kutoka getini hadi jikoni, hupumzika njiani. Mtu huyo hataki kukonda. Anataka mafuta yapungue na nguvu ziongezeke, mzani ubaki palepale. Hoja yangu ni moja na nitaitetea hadi wali utakapopakuliwa: jambo hilo haliwezekani bila mtaalamu. Nikisema mtaalamu simaanishi kila aliyevaa fulana ya kubana. Namaanisha mbobezi, mwenye shahada ya heshima, mwanzilishi na mkuu wa taasisi inayotoa shahada hizo, ambaye jina lake lilipitishwa bila kupingwa na kamati ya uteuzi, mwenyekiti, katibu na mjumbe wa kamati hiyo wakiwa ni mimi.

Tuanze na mzani, maana ndipo wasiosoma wanapoanzia. Kipimo kinachoamua kama uzito wako ni wa kiafya hupatikana kwa kuchukua kilo zako na kuzigawa kwa kimo chako cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likiangukia kati ya 18.5 na 24.9, Shirika la Afya Duniani linakuacha uende zako. Fomula hiyo ilibuniwa karne ya 19 na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtu wa hesabu na wa nyota, aliyekuwa akitafuta sifa za binadamu wa wastani. Hakuwa daktari, na hapo ndipo ninapouona undugu wetu. Jina linalotumika leo lilitolewa mwaka 1972 na mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, aliyeipendekeza kwa kuchunguza makundi ya watu, si kwa kumhukumu mmoja mmoja. Mimi nina kilo 70 na kimo cha mita 1.70, yaani 24.2, namba niliyoichapisha kwenye kadi zangu, kwenye bango lililo nyuma yangu na kwenye milango miwili ya gari. Wapinzani watasema namba hiyo haijui kilo ya misuli ni ipi na kilo ya mafuta ni ipi, na kwamba futi kamba ya fundi cherehani ina akili zaidi: kiuno kisifike nusu ya kimo. Nusu ya kimo changu ni sentimita 85. Futi ya fundi wangu inasoma 94, lakini fundi huyo aliishia darasa la saba, na futi yenyewe imevutika kwa uzee, hali ambayo, nimearifiwa, hupunguza namba badala ya kuiongeza. Hata hivyo hoja yao naipokea kwa moyo mkunjufu kwa sababu inanibeba. Mtu akipoteza kilo mbili za mafuta na kupata kilo mbili za misuli, mzani utamwambia hakuna kilichotokea. Nani basi atamwambia kwamba kimetokea? Mtaalamu! Suruali nayo itamwambia, sikatai, ila suruali haitoi cheti.

Sasa ushahidi. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwapa askari wenye majeraha ya miguu vyuma vizito vya kunyanyua, akaviongeza kadiri walivyopata nguvu, katika zama ambazo kiungo kilichoumia kilionekana ni cha kubembelezwa tu. Kanuni iliyosambaa kutokana na kazi hiyo ni kwamba misuli huimarika ikidaiwa zaidi kidogo ya ilivyozoea, ikapumzishwa, kisha ikadaiwa tena. Unyanyue mzigo mara nane. Utakapoweza mara kumi na mbili, uongeze. Nasikitika kutangaza kwamba kanuni nzima inaishia hapo. Aya fupi namna hiyo haiwezi kujaza semina ya siku tatu yenye chai na maandazi, kwa hiyo nimeipanua hadi moduli 14, ya kwanza ikiwa wasifu wangu, na ya mwisho ikiwa wasifu wangu baada ya moduli 13. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima waimarishe misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, na halikumtaja mbobezi popote. Nimeliandikia barua, linaendelea kuitafakari. Mahasidi nao hunitajia wabeba mizigo wa Kariakoo, wanaotwika magunia ya lumbesa mgongoni pasipo moduli hata moja, wakadai kwamba mgongo hauulizi mzigo umetoka kwenye jimu au kwenye fuso. Nawajibu kwa utulivu. Mgongo wa mbeba mizigo ni imara, lakini ni uimara usio rasmi. Haujapigwa muhuri, na nchi haiwezi kuendelea kwa migongo isiyo na nyaraka.

Ushahidi unaonukuliwa zaidi dhidi yangu, hata hivyo, unatoka kwa wazee. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, umri wao miaka 90 kwa wastani, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nasikia minong'ono: kama bibi wa miaka 90 ameweza, huyu wa miaka 40 mwenye afya zake anamtafutia nini mbobezi? Nashukuru kwa swali, maana bibi yule alisimamiwa! Alikuwepo mtu pembeni yake wa kumhesabia. Kuhesabu hadi nane ndicho kiini cha taaluma yangu, na wanaodai kwamba hata mtoto wa chekechea angeifanya kazi hiyo wajaribu kuhesabu hadi nane wakiwa ndani ya suti ya vipande vitatu. Niondoe pia uvumi kabla haujaota mizizi. Vijana wawili waliosimama kando ya kiti changu wapo kwa ajili ya itifaki, na kwamba ninapoinuka kila mmoja hushika kwapa langu moja ni heshima, wala si tiba. Kile kipimo cha kumtaka mtu ainuke kitini mara tano bila kutumia mikono kilitungwa kwa ajili ya wazee, na mimi nina miaka 43. Ni kweli wataalamu wa umri wanakadiria kwamba asiyeishughulisha misuli yake huipoteza kwa asilimia 3 hadi 8 kila muongo tangu akiwa kwenye miaka ya 30. Takwimu hiyo nimeikatia rufaa.

Hapa panafaa kuutaja mkanda wa jasho unaouzwa mlangoni kwa shilingi 60,000, ambao umebeba picha yangu upande wa ndani, karibu na kitambi cha mteja. Wabishi wameuandama kwa utafiti wa mwaka 1971, ambapo wachezaji wa tenisi walipimwa mikono yote miwili. Mkono wa kushika raketi ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, kama mtu angetarajia baada ya miaka ya kupiga mpira, lakini tabaka la mafuta chini ya ngozi halikuwa jembamba kuliko la mkono uliokaa bure. Kutokana na hilo wanahitimisha kwamba mwili huchota mafuta kila mahali kwa ratiba yake wenyewe, na kwamba anayejipinda tumbo mara mia kila asubuhi anajenga misuli mizuri chini ya kitambi kilekile. Mimi nahitimisha tofauti: hakuna hata mchezaji mmoja aliyevaa mkanda wangu. Wanaongeza kwamba jasho ni maji na chumvi, kwamba kilo ya mafuta hubeba kalori 7,700 hivi, ambazo haziwezi kuvuja kwenye kwapa, na kwamba anayepoteza kilo moja kwa kutoka jasho ataipata tena akinywa lita moja ya maji. Hoja hiyo nimeizingatia kikamilifu. Ndiyo sababu maji yatatolewa ukumbini humu baada ya wateja kupimwa na kusaini, wala si kabla.

Kwenye chakula ndiko raia wa kawaida wamevamia taaluma yetu kwa ujeuri zaidi. Kiwango cha protini kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha majaribio mengi ya wanaonyanyua vyuma ulionyesha kwamba faida kwa misuli huendelea kupatikana hadi karibu gramu 1.6, na zaidi ya hapo hakuna cha maana kilichoonekana. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 112. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15 hivi, na dagaa wakavu, kwa aibu kubwa ya tasnia nzima ya makopo, wamejaa protini kuliko karibu kila kitu kilichomo sokoni. Mtu anaweza kufika kiwango hicho kwa kupunguza kidogo mlima wa ugali na kuongeza kitoweo. Nimetafuta katika sentensi hiyo mahali pa kuingiza unga wangu wa kopo, nisipate, hasa baada ya kusoma viambato vyake vilivyoandikwa kwa herufi ndogo, ambavyo ni mahindi na sukari. Wabishi wenye elimu, ambao ndio wabaya zaidi, huleta utafiti wa Kanada wa mwaka 2016. Vijana waliokatiwa asilimia 40 ya nishati waliyohitaji kwa wiki nne, huku wakipigishwa tizi siku sita kwa wiki, walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta, kama walikula gramu 2.4 za protini kwa kilo. Waliokula nusu ya hizo walipoteza kilo 3.5 za mafuta, na misuli ikabaki karibu vilevile. Kumbe mambo yale mawili yanaweza kutokea kwa pamoja! Nilidhani nimewashika pale nilipogundua kwamba vijana wale walikuwa wamezidi uzito, tofauti na wateja wangu. Wabishi wakakubali mara moja, jambo ambalo si la kistaarabu katika mjadala. Walisema mwenye uzito wa kiafya ana akiba ndogo ya mafuta, kwa hiyo asijikatie chakula kwa ukatili. Apunguze kidogo tu au asipunguze kabisa, anyanyue, alale vya kutosha, na ahesabu maendeleo kwa miezi. Miezi! Semina yangu ni ya siku tatu.

Swali la mwisho hutoka kila mara viti vya nyuma, ambako kiingilio ni nafuu: mbona mwalimu mwenyewe yuko hivyo? Refa hafungi magoli, na hakuna shabiki aliyewahi kumdai. Lakini nina jibu la kitaalamu zaidi. Mtafiti makini hujitenga na anachokichunguza ili hisia zisiingilie, na mimi nimejitenga na vyuma kwa uaminifu ambao sijaona mfano wake nchini. Ningenyanyua, ningekuwa na maslahi. Ningeanza kusema mambo ya mitaani: kwamba inatosha kuinuka na kuketi ukiwa umekumbatia mfuko wa mchanga, kujisukuma kutoka sakafuni, kuvuta kitu kizito kuelekea kifuani, na kuongeza uzito mambo yakiwa mepesi. Taaluma ingekufa mchana kweupe. Tayari wapo waliopiga hesabu kwamba ada ya semina, shilingi 350,000 bila mkanda, inatosha kumiminia zege kwenye makopo ya rangi pande mbili za bomba, kama wanavyofanya vijana wa uswahilini, kununua dagaa na maharage ya muda mrefu, na kubaki na nauli. Hesabu hiyo nimeirudia usiku kucha kwa kikokotoo na haina kosa. Wenye nayo wanaombwa wasiisambaze hadi mhasibu atakapofunga kitabu cha stakabadhi. Maswali yaletwe kwa maandishi, kwa Kiswahili fasaha, na yasiguse kiuno.